Njia, jina au lakabu? Namna tatu za kuziita ishara za modeli kabla ya majaribio

Modeli ya gari uliyoichora kwenye kompyuta, kwenye programu kama Simulink, inakwenda vizuri mezani kwako. Grafu zinatoka ulivyotarajia, breki zinashika, gurudumu halijifungi. Unaikabidhi kwa mjaribu, naye akiifungua kwenye kiolesura cha majaribio anakutana na orodha ya maelfu ya ishara, yaani thamani zinazopita ndani ya modeli: `Gain`, `Gain1`, `Sum4`, `Switch2`. Shinikizo la breki ya mbele kushoto, ambalo ndilo alilolifuata, halimo. Au limo, ila hakuna awezaye kuapa kwamba ni lenyewe.

Mjadala wa majina huanzia hapo, na mara nyingi huwa umeshachelewa. Namna zinazotumika ni tatu. Unaweza kuiita ishara kwa njia yake ndani ya modeli, yaani anwani ya bloku (kisanduku cha hesabu kwenye mchoro) inakotoka. Unaweza kuipa jina lake juu ya waya, ule mstari unaounganisha bloku. Au unaweza kuiacha modeli na majina yake, ukayapa majaribio lakabu pamoja na faili linaloeleza lakabu gani inaelekea wapi. Zote zinafanya kazi. Zinapoachana ni kwenye swali moja: siku modeli ikibadilika, nani analipa? Nashauri usome yote yanayofuata ukiwa na swali hilo kichwani.

## Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima zote kwa mambo matano. Kudumu: jina litaendelea kuelekea ishara ileile baada ya modeli kupangwa upya? Kuonekana: ishara itakuwepo bado baada ya msimbo kuzalishwa (modeli ikigeuzwa kuwa programu ya lugha ya C) na kuboreshwa? Kusomeka: mtu ambaye hakuijenga modeli ataipata kwa kutafuta? Kipimo: atajuaje kama ni bar au paskali, na alama chanya inaelekea upande gani? Gharama: kazi ni kiasi gani, na iko mikononi mwa nani?

Kuna kanuni chache zisizotegemea utachagua ipi. Tumia herufi a hadi z, kubwa na ndogo, tarakimu na mstari wa chini, na usianze na tarakimu. Mwongozo wa MAB, kanuni za kuchora modeli zinazofuatwa na wengi wanaotumia Simulink, unasema hivyohivyo na unakataza pia mistari ya chini miwili mfululizo. Epuka maneno yaliyotengwa na lugha ya C kama `double` na `switch`. Usiwe na majina mawili yanayotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu: C itayatenganisha, lakini zana iliyo mbele yake huenda isiyatenganishe.

Halafu kuna urefu. Kiwango cha C cha 1990 kinailazimu kompaila (programu inayogeuza msimbo uwe wa mashine) kutambua herufi 31 za mwanzo tu kwa majina ya ndani, na 6 kwa majina yanayoonekana nje ya faili. Kile cha 1999 kiliongeza hadi 63 na 31. Kizalishaji msimbo cha Simulink huanza na kikomo cha 31 usipokibadilisha, na faili za DBC zinazoeleza ujumbe wa CAN, mtandao wa ndani ya gari, huishia 32. Chukua `Breki_Shinikizo_MbeleKushoto_bar`. Linasomeka vizuri, na ukilihesabu lina herufi 32: kwenye DBC linaenea, kwenye 31 linakatwa. Tofauti ya herufi moja inatosha kumfanya mtu atafute jina ambalo halipo. Ndiyo maana timu nyingi hufupisha mahali, MK kwa mbele kushoto, `Breki_Shinikizo_MK_bar`, na kubaki na herufi 22.

## Njia ya ndani ya modeli

Hapa ishara inaitwa kwa anwani yake: `Gari/Breki/Kikokotozi/Gain3`, tokeo la kwanza. Huhitaji kufanya lolote ili uipate, kwa sababu kila bloku tayari ina anwani.

Kudumu. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Mtengeneza modeli akichagua bloku tano na kuzifunga ndani ya mfumo mdogo ili mchoro upendeze, hajagusa hesabu yoyote, lakini anwani zote tano zimebadilika. Hilo si baya sana, kwa sababu jaribio litasema halijaiona ishara. Kinachotisha ni namba za mwishoni. `Gain3` ni jina ambalo Simulink imejitungia yenyewe, na matoleo ya karibuni huyaficha majina ya namna hiyo kwenye mchoro. Mtu anafuta bloku, anaweka nyingine, hata jina halioni. Hakuna kinachoizuia `Gain3` ya wiki ijayo kuwa bloku tofauti kabisa. Jaribio litasoma, litapata namba, na huenda likafaulu.

Kuonekana. Njia inaelekea tokeo la bloku. Kizalishaji msimbo kikiiunganisha bloku hiyo na jirani yake kuwa mstari mmoja wa hesabu, anwani inabaki kwenye mchoro lakini hakuna kumbukumbu ya kusoma. Vigezo vya modeli, yaani namba zake za kurekebishwa, hali kadhalika: kigezo kikiandikwa moja kwa moja ndani ya msimbo kama namba isiyobadilika, hakuna cha kurekebisha wakati jaribio linaendelea, hata kama njia yake umeiandika sawasawa.

Kusomeka. Kunategemea nidhamu ya mtu mwingine. Folda zikiwa na majina ya maana, njia inasomeka kuliko jina lolote, maana inakuonyesha muktadha mzima. Majina yakiwa ya kujitungia, ni giza. Kuna na mitego ya herufi. Jina la bloku lenye mkwaju (`/`) ndani yake huandikwa kwa mikwaju miwili ndani ya njia. Bloku za maktaba, zile zilizotengenezwa tayari kwa kutumiwa tena, ambazo majina yake yamevunjwa mistari miwili, kama `Discrete-Time Integrator`, hubeba herufi ya mstari mpya pale unapodhani pana nafasi. Ukiinakili njia hiyo kwa jicho kwenye skripti, utakuwa umeikosea na hutaona ulipokosea.

Kipimo. Njia haisemi chochote. Kizio kitafutwe kwingine.

Gharama. Mtengeneza modeli halipi kitu. Mjaribu analipa kila toleo jipya likitoka. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi.

Nisiionee lakini. Njia ina nguvu moja ambayo zile mbili nyingine zinaitolea jasho: nakala. Ukiwa na bloku moja ya gurudumu kwenye maktaba, ikatumika mara nne, njia inazitenganisha nakala nne bila mtu kufikiri. Na pale muundo wa modeli wenyewe unapochukuliwa kama mkataba, njia ni chaguo la heshima kabisa. Kiwango cha FMI, cha kubadilishana modeli kati ya zana tofauti, kilichotoka mara ya kwanza 2010, kikapata toleo la 2.0 mwaka 2014 na la 3.0 mwaka 2022, kinaruhusu mtindo wa majina yenye ngazi: nukta hutenganisha ngazi, mabano ya mraba hushika nafasi ya safu, na kasi ya kubadilika kwa x (derivative) huandikwa `der(x)`. Modeli zinazotoka Modelica, lugha ya kuandikia modeli, huja hivyo, na kila kigeu kinaweza kubeba kizio na maelezo yake ndani ya `modelDescription.xml`, jambo linaloponya ule ububu wa njia kuhusu vipimo. Angalizo moja tu: wakati wa kukimbia, FMU (modeli iliyofungwa kwa kiwango cha FMI) haisomwi kwa majina bali kwa namba za rejea. Skripti isihifadhi namba hizo. Ihifadhi jina, namba itafutwe upya kila modeli inapopakiwa.

Njia inamfaa anayechunguza modeli yake mwenyewe, anayesaka hitilafu ndani kabisa, na mwenye majaribio yasiyotarajiwa kuishi kupita mwezi.

## Jina juu ya waya

Namna ya pili ni kuuandikia waya wenyewe jina, kisha kuitangaza ishara ili kizalishaji msimbo kisiimeze. Tangazo hilo linaweza kuwa alama ya nukta ya kupimia, au linaweza kuifanya ishara kuwa kigeu cha jumla chenye jina hilohilo ndani ya C.

Kudumu. Kuzuri. Hamisha bloku, zifunge, zifungue, badilisha mpangilio wote. Waya ukibaki na jina lake, jaribio halijui kama kuna kilichotokea. Jina linavunjika pale tu mtu anapolibadilisha kwa mkono, na anayefanya hivyo huwa anajua anachofanya.

Kuonekana. Ndiyo faida kubwa hapa. Katika Simulink, ishara yenye alama ya nukta ya kupimia hupewa kumbukumbu yake, na nafasi hiyo haiazimwi na ishara nyingine. Ikifanywa kigeu cha jumla, inaingia kwenye jedwali la alama la programu iliyokusanywa na kompaila, na kutoka hapo anwani yake inaweza kuandikwa kwenye faili la A2L ambalo zana za upimaji na urekebishaji hulisoma. Malipo yake ni kumbukumbu na kasi. Kwenye kompyuta ya wakati halisi inayoendesha benchi la majaribio huwezi kuhisi kitu. Kwenye kidhibiti kidogo cha kuuzwa, ishara mia tano zilizolazimishwa kubaki ni jambo la kukaa na kujadili, na pengine la kuwa na mipangilio miwili: mmoja wa majaribio, mmoja wa bidhaa.

Kusomeka. Hapa unapata ulichokipanda. Majina yakitungwa kila mtu na lake, baada ya miezi sita utakuwa na `VehSpd`, `vehicle_speed`, `mwendo` na `v_gari` ndani ya modeli moja, zote zikimaanisha kitu kimoja, au mbaya zaidi, vitu vinne vinavyokaribiana. Kwa hiyo tunga sarufi kabla ya kutunga majina. Mpangilio ninaoupenda ni kutoka kwa kikubwa kwenda kwa kidogo: mfumo, kiasi kinachopimwa, mahali, kizio. `Breki_Shinikizo_MK_bar`, `Breki_Shinikizo_NL_bar` (NL ni nyuma kulia), `Breki_Joto_MK_degC`. Orodha ikipangwa kialfabeti, jamaa wanakaa pamoja na mjaribu anaandika herufi nne tu kuona breki zote. Ukianza na mahali au kizio, orodha hutawanyika. Wanaofanya kazi na AUTOSAR, kiwango cha programu za magari, wana orodha ya vifupisho iliyokwisha kukubaliwa, na kwao sioni sababu ya kutunga upya.

Kipimo. Je, kizio kiingie ndani ya jina? Watu wamegombana sana juu ya hili. Wanaokataa wanasema kizio kina sehemu yake rasmi, na kukiandika mara mbili ni kuweka kweli mbili ambazo siku moja zitapingana. Ni hoja yenye uzito. Wanaokubali hukumbusha chombo cha Mars Climate Orbiter kilichopotea mwaka 1999: programu ya ardhini ilitoa msukumo kwa paundi-sekunde, wale wa uongozaji wakausoma kama niutoni-sekunde. Mimi niko katikati. Ishara zinazovuka mpaka kati ya modeli na majaribio zibebe kizio kwenye jina. Za ndani ziache. Na kizio kikibadilika, jina libadilike nalo. Naam, majaribio yatavunjika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani jaribio lililovunjika kwa kelele ni afadhali kuliko linalopita likisoma paskali kama bar.

Upande wa chanya ni suala jingine, na jina haliwezi kulibeba. ISO 8855 inaweka mhimili wa x mbele, wa y kushoto na wa z juu, kwa hiyo gari linapogeuka kushoto mzunguko wake ni chanya. Modeli yako inaweza kufuata hivyo au isifuate. Liandike kwenye maelezo ya ishara, mara moja, mahali mjaribu anapoyaona.

Gharama. Mtengeneza modeli analipa, tena mapema, kabla hajaona faida. Hapo ndipo ugomvi wa ofisini huzaliwa, kwa kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mjaribu anaona kuandika majina ni kazi ya dakika tano.

Tatizo la nakala linakuja hapa pia. Ukiandika jina ndani ya bloku ya maktaba inayotumika mara nne, unapata jina moja mahali panne, na jina moja haliwezi kubeba vigeu vinne vya jumla. Dawa ni kutoa ishara nje hadi ngazi ambayo nakala inajulikana, kisha kuipa jina huko. Au kutumia basi, na si lile la abiria: kifungu cha ishara chenye jina moja na viungo vyenye majina yao. Basi la `Gurudumu` lenye kiungo `Shinikizo_bar` linakupa kitu kilicho kati ya njia na jina: lina ngazi kama njia, lakini ngazi hizo umezikubali kwa makusudi, hazikutokana na jinsi mchoro ulivyopangwa siku hiyo. Hakikisha tu ni basi lenye kumbukumbu yake, ambalo kwenye C huwa muundo kamili. Basi la kuchorea tu halina nafasi yake yenyewe ya kusomwa.

Jina juu ya waya linazifaa timu ambazo mtengeneza modeli na mjaribu wanaongea kila siku, na modeli itakayoishia kwenye msimbo wa kidhibiti.

## Lakabu na faili la ramani

Namna ya tatu inaitenga modeli na majaribio kabisa. Jaribio linaita `ShinikizoBrekiMK`, na faili pembeni linasema lakabu hiyo leo inaelekea wapi. Kiwango cha ASAM XIL, cha kuunganisha majaribio na mabenchi yake, kimeijenga dhana hii ndani yake: jaribio hutumia majina ya kidhahania, na ramani inayaunganisha na modeli iliyopo, ikiwa ni pamoja na kubadilisha vizio njiani.

Kudumu. Jaribio haliguswi. Ramani ndiyo inayoguswa. Faida yake inaonekana zaidi pale jaribio moja linapotakiwa kukimbia sehemu tatu: kwenye modeli mezani, kwenye msimbo uliokusanywa, kisha kwenye benchi lenye kidhibiti halisi, ambapo shinikizo hilohilo si ishara ya modeli tena bali ni mlango wa umeme kwenye kadi ya vipimo. Hakuna njia wala jina la waya litakalofika huko. Lakabu inafika.

Kuonekana. Lakabu haifufui kilichokufa. Kama ishara imemezwa na kiboreshaji, ramani itakuwa inaelekea hewani.

Kusomeka. Kwa mjaribu, ni bora kuliko zote, maana majina ni yake. Kwa anayesaka hitilafu kuna hatua ya ziada: anaona `ShinikizoBrekiMK` imekosea, anafungua ramani, anapata njia, anafungua modeli. Usiku ukiwa mrefu, hatua hiyo inakera.

Kipimo. Imara, ilimradi aliyejaza ramani alijua kizio cha upande wa modeli.

Gharama. Analipa mtu wa tatu, na mara nyingi mtu huyo hajateuliwa. Mtengeneza modeli anadhani ramani ni ya majaribio. Mjaribu anadhani ni ya modeli. Ramani iliyokosea ni mbaya kuliko jina lililokosea, kwa sababu lakabu nzuri inatuliza moyo: jaribio linasema linasoma gurudumu la mbele kushoto wakati ramani inaelekea la nyuma kulia, na hakuna anayeshuku. Kwa hiyo ramani ikae kwenye hifadhi moja na modeli, ibadilishwe pamoja nayo, na kabla ya jaribio lolote skripti fupi ipite kila lakabu kuhakikisha inafika mahali na kizio kinalingana. Afadhali zaidi, iingize thamani inayojulikana upande mmoja na kuitazama ikitokea upande wa pili.

Lakabu zinazifaa timu kubwa, majaribio yanayoishi kuliko modeli, na wale wanaopokea modeli kutoka nje ikiwa imefungwa, ambao hata wakitaka kubadilisha jina hawana ruhusa.

## Kulazimisha thamani

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba majaribio yanasoma tu. Yanaandika pia, na hapo namna zote tatu zinahitaji msaada uleule. Ukiandika thamani kwenye ishara ambayo modeli inaikokotoa, modeli itaifuta katika hatua inayofuata. Inabidi mtengeneza modeli aweke swichi, na swichi inaleta majina zaidi. Ninayapanga kwa seti: `Breki_Shinikizo_MK_bar` kwa kinachotumika, `..._Lzm` kwa swichi ya kulazimisha, `..._Thm` kwa thamani ya kulazimishwa, na `..._Asl` kwa ile ya asili kabla ya swichi. Viambishi hivi vinakula herufi nne kila kimoja, kwa hiyo bajeti ya 31 inabaki 27. Amua hili kabla ya kutunga majina.

## Kwa hali yako

Uko peke yako, modeli ni ya utafiti, na wiki ijayo utakuwa umeibadilisha nusu yake: tumia njia, lakini zipe majina ya maana bloku chache utakazozisoma, ili `Gain3` isikuchezee.

Mko watatu au wanne, modeli inaelekea kuwa msimbo wa kidhibiti: majina juu ya waya kwa ishara za mpakani, basi kwa vitu vinavyojirudia, njia kwa uchunguzi wa ndani. Mchanganyiko huu hauna aibu. Aibu ni kutojua ishara ipi iko upande gani.

Majaribio yenu yanakimbia kwenye majukwaa mawili au zaidi, au kuna modeli kadhaa za gari moja: lakabu, na mteue mmiliki wa ramani kwa jina lake, si kwa idara. Mkiweza, ramani ielekee majina ya waya badala ya njia. Lakabu iliyokaa juu ya njia imerithi udhaifu wa njia, ikauficha.

Mmepokea FMU iliyofungwa: soma kwanza inafuata mtindo gani wa majina, bapa au wa ngazi, kisha weka lakabu juu yake. Toleo jipya likifika, linganisha orodha mbili za vigeu kabla hujaendesha jaribio hata moja.

Na ukirithi modeli yenye maelfu ya nyaya zisizo na jina huku majaribio yanaanza Jumatatu, usianze na modeli. Anza na orodha ya majaribio. Hesabu ishara ambazo majaribio hayo yanazigusa kweli, huenda zikawa arobaini, uzipe hizo majina na nukta za kupimia, na zilizobaki uziache zilale.